Mtoto wa mbwa ndani ya fleti ya Dubai: tujiulize kwanza

Kila mwaka mwezi wa Juni unapokaribia kwisha na shule za Dubai kufungwa, hutokea jambo ambalo ndugu zetu wanaofanya kazi ya ulinzi kwenye majengo ya mji huu wanalijua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Familia zinafunga mizigo. Wengine wanakwenda likizo, wengine mikataba yao imekwisha na wanaondoka moja kwa moja. Siku mbili tatu baadaye mbwa anakutwa amefungwa kwenye nguzo ya maegesho ya magari, au anazurura kando ya barabara ya kuelekea jangwani, ukanda ungali shingoni. Magazeti ya Falme za Kiarabu huandika habari hizi karibu kila kiangazi, na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafanya watu wengi wapoteze kazi kwa ghafla, ziliandikwa zaidi.

Tunajua wapo wasomaji watakaotuuliza: haya ya mbwa yanatuhusu nini sisi? Mbwa Dubai ni mambo ya Wazungu wa Marina na matajiri wa majumba ya kifahari. Jibu letu ni kwamba yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Mlinzi anayempigia simu msimamizi wa jengo saa nane za usiku kwa sababu mbwa analia kwenye roshani ni Mkenya au Mganda. Dada anayemtoa mbwa wa tajiri wake nje alfajiri ni mtu wa Tanga, Mombasa au Kampala. Na siku hizi zipo familia zetu wenyewe zilizokaa Dubai miaka 10 au 15, zenye watoto wanaosoma na watoto wa mataifa mengine, na mtoto anarudi nyumbani na ombi moja tu asiloliacha: baba, nataka mbwa mdogo.

Hatuandiki kumkataza mtu. Tunaandika kwa sababu ombi hili hujibiwa haraka mno, mara nyingi siku ya kuzaliwa ya mtoto au wakati wa sikukuu, na maswali huja baada ya mbwa kuwa tayari sebuleni.

Swali la kwanza, na kwa mtazamo wetu ndilo kubwa kuliko yote, ni la miaka. Mbwa akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 13, na wale wa maumbile madogo wengi hufika 15. Viza ya kazi ya kawaida hapa hutolewa kwa miaka miwili. Hata yule aliyebahatika kupata viza ya dhahabu ya miaka 10, viza yake inaweza kwisha mbwa angali hai. Mtu anayeishi ugenini kwa hisani ya mkataba, ambaye kampuni ikifungwa kesho atatakiwa atafute kazi nyingine au aondoke katika muda uliopangwa, anapochukua mnyama wa miaka 12 inampasa awe na jibu la nini kitafuata siku hiyo ikifika. Kusema "nitampa rafiki" si jibu, maana rafiki naye ana viza ya miaka miwili.

Kwa sababu hiyo tunasema wazi kwamba mtu anayekodi kitanda katika chumba cha watu sita Deira au Satwa, au anayeishi kwenye makazi ya kampuni huko Al Quoz, asichukue mtoto wa mbwa, hata akipewa bure. Hilo si suala la umasikini wala utajiri. Ni kwamba nyumba si yake, wenzake hawakuulizwa, na mnyama hana mahali.

Hata mwenye fleti yake aliyoikodi kwa jina lake anapaswa kuusoma mkataba. Mikataba mingi ya nyumba Dubai ina kifungu kinachozungumzia wanyama, na wenye nyumba wengi hukataa mbwa moja kwa moja. Kuna mitaa iliyojengwa ikiwa na njia za kutembeza mbwa na hata sehemu zilizozungushiwa uzio kwa ajili yao, na kuna mingine ambayo wasimamizi wamekataza kabisa. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa dalali haina thamani yoyote siku jirani atakapopeleka malalamiko. Iandikwe, ipigwe sahihi, iwekwe.

Tuje kwenye sheria, kwa kuwa hapa wengi wetu tunateleza kutokana na mazoea ya nyumbani. Kwetu mbwa hufunguliwa usiku akalinda uwanja, asubuhi akarudi bandani, na kadi ya chanjo, ikiwapo, iko kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Nairobi watu hubandika kibao cha "Mbwa Kali" kwenye geti hata kama ndani hamna mbwa. Dubai si hivyo. Manispaa ya Dubai inataka kila mbwa awe amechanjwa, chanjo irudiwe kila mwaka, awekewe chipu ndogo chini ya ngozi yenye namba yake, asajiliwe, na avae shingoni kile kidude cha manispaa kinachoonyesha kuwa amesajiliwa. Sheria ya Shirikisho Namba 22 ya mwaka 2016, iliyotungwa hasa kwa ajili ya wanyama hatari baada ya watu kuonekana wakizunguka na duma na simba ndani ya magari, iligusa pia mbwa wa kawaida: lazima awe na leseni na lazima afungwe kamba anapokuwa nje. Faini ya kukiuka ni kuanzia dirham 10,000 hadi 100,000. Mtu anayelipwa dirham 2,500 kwa mwezi afanye hesabu mwenyewe.

Sheria hiyo hiyo imepiga marufuku aina fulani za mbwa, wakiwamo pitbull na tosa wa Japan, na wizara inayoshughulikia mazingira ina orodha yake ya wasioruhusiwa kuingizwa nchini ambamo hata rottweiler yumo, yule tuliyemzoea kama mlinzi wa nyumba za Nairobi na Dar es Salaam. Anayetaka kuleta mbwa aisome orodha hiyo kabla hajalipa senti.

Aidha, kuna sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2007 iliyoongezewa makali mwaka 2016, ambapo anayemtesa mnyama anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja au kutozwa faini isiyozidi dirham 200,000, au vyote viwili. Sisi tunaziunga mkono sheria hizi. Lakini tunaona pia kwamba sheria kali pekee haiwezi kumkamata aliyekwisha kupanda ndege. Chipu ina jina lake, ndiyo, ila yeye yuko Manchester au Johannesburg na mbwa yuko kwenye nguzo ya maegesho. Ndiyo maana tunaitazama zaidi ile saa ya kuchukua mbwa kuliko ile ya kumwacha.

Halafu kuna jua. Joto la mchana la Julai na Agosti hapa hupita nyuzi 40, na lami chini ya jua hilo huzidi 50 kwa urahisi. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema ulimi nje, na nyayo zake ziko juu ya lami hiyo hiyo. Serikali yenyewe huzuia kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, kati ya tarehe 15 Juni na 15 Septemba, ili kuokoa maisha ya wafanyakazi wa ujenzi. Sasa fikiria mbwa aliyefungiwa kwenye roshani ya ghorofa ya 20 saa hizo kwa kuwa mwenyewe yuko kazini. Na kuna watu, sijui tuwaiteje, wanaonunua husky, mbwa wa kuvuta sleji kwenye barafu za Siberia, wakamlea Dubai kwa sababu macho yake ya bluu yanapendeza kwenye picha.

Kwa hiyo mbwa wa Dubai hutembezwa alfajiri kabla jua halijachomoza na usiku baada ya sala ya isha, miezi minne au mitano mfululizo. Hapelekwi kwenye fukwe nyingi za umma, haingii kwenye bustani nyingi za manispaa, na metro haimchukui isipokuwa awe ni mbwa wa kumwongoza kipofu. Madereva wengi wa teksi hukataa. Asiye na gari, daktari wa wanyama akiwa upande wa pili wa mji, atampelekaje mbwa mgonjwa saa tano za usiku? Swali dogo, lakini linawaumbua wengi.

Na huyo tunayemzungumzia si mbwa mzima, ni mtoto. Mtoto wa mbwa hatakiwi kutenganishwa na mama yake kabla ya kutimiza wiki nane. Chanjo zake za mwanzo huanza kati ya wiki ya sita na ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afike wiki 16 hivi. Katikati ya muda huo hatakiwi kuachwa chini mahali wanapopita mbwa wengine, kwa sababu ugonjwa wa parvo humaliza watoto wa mbwa kwa kuhara na kutapika ndani ya siku chache, na virusi vyake hukaa ardhini muda mrefu. Hapo hapo, wiki hizo za tatu hadi ya 14 ndizo anazojifunza kutoogopa watu, sauti za magari, lifti, watoto wanaopiga kelele. Akifungiwa ndani peke yake wakati huo, anakua mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma.

Haja ndogo ni habari nyingine. Mbwa wa miezi miwili huweza kujizuia kwa saa mbili hivi, wa miezi mitatu kwa saa tatu. Maana yake ni kwamba kama baba na mama wanatoka saa moja asubuhi na kurudi saa mbili usiku, ama pawe na mtu nyumbani, ama zulia liharibike na mbwa apigwe kwa kosa ambalo si lake. Hutafuna viatu, nyaya za umeme, miguu ya meza, kwa kuwa meno yanaota. Hula chochote kilichoanguka, na baadhi ya vyakula vyetu ni sumu kwake: chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu. Mifupa ya kuku aliyepikwa, ambayo kwetu ndiyo fungu la mbwa tangu enzi, hupasuka vipande vikali na kumchoma matumboni. Anayemkaribisha mbwa siku ya pilau ya Idi na zabibu zake azingatie hilo.

Nani basi atakayeamka alfajiri? Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana ndipo panapotuuma. Katika nyumba nyingi za Dubai jibu ni mfanyakazi wa ndani. Tajiri amemnunulia mtoto wake mbwa, mtoto amecheza naye wiki tatu, na tangu hapo mbwa ni wa dada. Dada aliyetoka nyumbani akiambiwa kwamba kazi ni kupika na kulea mtoto, sasa anaamka saa kumi na moja kusafisha mkojo, anatoka kutembeza, anarudi kuandaa watoto wa shule, na usiku saa nne, wengine wakiwa wamelala, anatoka tena. Wengine wana hofu ya mbwa tangu utotoni. Wengine ni Waislamu wa pwani wanaotakiwa kusali mara tano na nguo zao zimerambwa.

Amri ya sheria Namba 9 ya mwaka 2022 kuhusu wafanyakazi wa ndani inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 kwa siku, nane kati ya hizo zikiwa mfululizo, na siku moja ya mapumziko yenye malipo kila wiki. Pia ofisi ya kuajiri inatakiwa imweleze aina ya kazi kabla hajaletwa. Mbwa ni sehemu ya aina ya kazi. Tunawaomba dada zetu walioko nyumbani wanaosubiri viza waulize swali hili kwa maneno machache tu: kuna mbwa? Na tunawaomba waajiri, wakiwamo Waswahili wenzetu ambao nao sasa wana wafanyakazi, waulize kabla ya kuleta mnyama na si baada. Anayekubali kwa hiari alipwe kwa kazi hiyo. Anayekataa asionekane mkaidi. Tukisema mbwa ana haki ya kivuli na maji, itakuwa aibu kama anayempa kivuli na maji hayo hana haki ya usingizi.

Hatuwezi kuliruka suala la dini, kwani kwa wasomaji wetu wengi ndilo linalotangulia. Mashekhe wetu wa pwani, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, hufundisha kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wenyeji wa Dubai, ambao madhehebu ya Imam Malik ndiyo yenye mizizi kwao, wamelelewa katika fikra tofauti, kwani maulamaa wa Kimaliki humhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara. Mabedui wa jangwa hili walimlea mbwa wa kuwinda aitwaye saluki kwa heshima kubwa, akalala hemani ambamo mbwa wengine hawakuruhusiwa. Kwa hiyo Mswahili anayeshangaa kumwona Mwarabu amemshika saluki asiharakishe kumhukumu, na anayemwiga pia ajue kwamba ameacha fundisho alilolelewa nalo.

Hadithi mashuhuri zinazuia kufuga mbwa bila sababu na kuvua katika katazo hilo mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Ni mbwa hao hao tuliowazoea: vijijini Unguja na Pemba wasasi wamekuwa na mbwa wao vizazi na vizazi, wakiwinda nguruwe mwitu na kima wanaoharibu mihogo, na hakuna aliyewaona kuwa wametoka katika dini. Na hadithi mashuhuri vile vile inasimulia kuhusu mtu aliyesamehewa madhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kutomfuga mbwa ndani ni jambo moja. Kumpiga mawe mbwa koko aliyekimbilia kivuli cha msikiti mwezi wa Agosti ni jambo lingine kabisa, na hilo hatujamsikia shekhe yeyote akilihalalisha. Familia ambayo baba anaona sawa na mama anaona vibaya, au bibi anakuja kutoka Lamu kila mwaka kukaa miezi mitatu, imalize mazungumzo hayo mapema.

Akishapita hayo yote na bado anataka, mtu atampata wapi mbwa? Njia ya haraka ni soko au tangazo la mtandaoni. Soko la ndege na wanyama la Sharjah linajulikana na kila mtu, na kwenye simu matangazo ya vijibwa hayaishi. Tunatoa tahadhari mbili. Kwanza, sheria za kuingiza wanyama haziruhusu mtoto wa mbwa wa chini ya wiki 15 kuletwa nchini, kwani lazima awe amechanjwa kichaa cha mbwa na muda wa kusubiri upite. Anayekuahidi kijibwa cha wiki nane "kimetua jana kutoka Ulaya" ama anadanganya umri, ama anadanganya karatasi, ama hana mbwa. Pili, utapeli wa kuuza mbwa asiyekuwapo ulishamiri duniani kote wakati wa korona na haujakoma: picha nzuri, bei ndogo, lipa usafiri, lipa bima, lipa kizimba, kisha namba ya simu haipatikani. Asiyemwona mbwa kwa macho pamoja na kadi yake ya chanjo, na akamwona mama yake ikiwezekana, asitoe fedha.

Sisi tunapendelea njia nyingine. Dubai kuna K9 Friends, taasisi inayoendeshwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 1989, na Umm Al Quwain kuna kituo cha mbwa wa mitaani. Huko wamejaa mbwa waliokwisha kua, wengi wao ni wale walioachwa na wenyewe wakati wa kuondoka. Mbwa wa miaka mitatu tabia yake inajulikana, chanjo zake zimekamilika, amejifunza kujizuia, na kwa mtu mwenye viza ya mashaka miaka iliyobaki ni michache. Watoto humlilia mdogo kwa sababu ya sura. Mzazi ndiye mwenye kujua kuwa sura hiyo hudumu miezi minne.

Vituo hivi pia hutafuta watu wa kumkaa mbwa kwa muda, wiki au miezi, hadi apatikane wa kudumu. Kwa familia inayojaribu kujijua, hatuoni mtihani ulio bora kuliko huo.

Gharama hatutazitaja kwa tarakimu maana zinatofautiana mno baina ya daktari na daktari, lakini mtu asihesabu bei ya kununulia tu. Kuna chakula, chanjo za kila mwaka, usajili, dawa za kupe na minyoo, kuhasiwa, umeme wa kiyoyozi kinachokaa wazi mchana kutwa kwa ajili yake, na mahali pa kumlaza mkienda likizo nyumbani. Mwisho kabisa kuna tiketi ya kumrudisha, ambayo aghalabu huzidi tiketi ya mtu. Wanyama wanaoingia Dubai kwa ndege husafirishwa kama mzigo uliosajiliwa na si kwenye viti. Kozi, ndege wa kuwindia, ndiye anayeonekana ameketi na abiria katika baadhi ya safari za mashirika ya huku, na yeye Falme za Kiarabu wamempa hata pasipoti tangu mwaka 2002. Mbwa hajapata bahati hiyo.

Na anayekusudia kumpeleka mbwa wake Kenya au Tanzania anatakiwa kuanza mapema: kibali cha kuingiza kutoka mamlaka ya mifugo ya nchi anayokwenda, hati ya afya kutoka wizara ya huku, chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo haijapitwa na wakati. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu ya yaliyotokea Pemba. Kisiwa hicho kiliwahi kuutokomeza ugonjwa wa kichaa cha mbwa kwa kampeni za kuchanja mbwa kijiji kwa kijiji. Mwaka 2016 ugonjwa ukarudi, na watafiti waliofuatilia virusi hivyo walihitimisha kwamba vililetwa na mbwa waliosafirishwa na watu kutoka bara. Watu walikufa. Ilibidi kampeni ya kuchanja ianze upya, na ni kufikia mwaka 2018 tu ndipo maambukizi yalipokatika tena. Mbwa mmoja ndani ya jahazi, asiye na karatasi, anatosha kuvuruga kazi ya miaka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Aliyeumwa, awe Dubai au Chake Chake, aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 kamili na aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, hata kama mbwa "anaonekana mzima". Wasomaji wetu wa nyumbani ambao huletewa mbwa wa kizungu kutoka ng'ambo, wakaachana na habari ya chanjo kwa kuwa ametoka Ulaya au Uarabuni, wajue kwamba kinga hiyo huisha, na mbwa koko wa mtaani atakayemuuma hatauliza alikozaliwa.

Kwa mzazi ambaye baada ya kupiga hesabu ameona kwamba haiwezekani, na mtoto bado analia, yapo ya kufanya. Vituo vya mbwa huhitaji watu wa kuwatembeza na kuwaosha mwishoni mwa wiki, ingawa kila kimoja kina masharti yake ya umri na ni vyema kupiga simu kwanza. Siku za baridi, kuanzia Novemba hadi Machi, asubuhi ya Jumamosi inatosha kwenda, kutembea, kupiga maji bandani na kurudi nyumbani kabla ya adhuhuri, mtoto akiwa na harufu ya mbwa nguoni na mama akiwa amekwisha kumwekea ndoo mlangoni.